Mbegu Iliyobaki Juu ya Miti

Tarehe ishirini na nne ya mwezi wa kumi na moja, mwaka jana, siku ya Jumatatu, dada yangu mkubwa alikufa nyumbani kwangu hapa Butembo, kabla jua halijatoka. Siku hiyo hiyo, chini ya nyumba, maharagwe yake ya mbegu yalikuwa yamekauka juu ya miti tunayochomeka yatambae, yakingojea kuchumwa. Nilipoteza vyote. Dada, Mungu alimchukua. Maharagwe, ni mimi niliyeyaacha.

Watu wakinisikia nikiyasikitikia maharagwe wanadhani ninamlilia dada kwa njia ya kuzunguka. Sivyo. Dada ninamlilia mahali pake, na maharagwe mahali pake. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, kwa hiyo nitaandika mambo jinsi yalivyofuatana.

Maharagwe yale yalitoka kwa mama yetu, kijijini Masereka, kwenye milima ya baridi. Hayakuwa ya rangi moja. Kulikuwa na mekundu, ya njano, yenye michirizi, na meusi machache yenye jicho jeupe, yote yakipandwa pamoja na kupanda juu ya miti pamoja. Mama alisema mvua ikiwa nyingi haya yatakataa, yale yatakubali. Jua likizidi yatabadilishana. Dada alipoolewa upande wa Mbau, mama alimpa kopo la mbegu. Mimi nilipoolewa mjini nilipewa sufuria. Sikuona vibaya. Mimi nilikuwa mtu wa soko, nikiuza mafuta ya mawese, na jembe nilikuwa nalo kama mtu anavyokuwa na mwavuli.

Kule Mbau ni joto, na maharagwe ya Masereka hayapendi joto. Dada alikuwa analima mpunga na mihogo kama watu wa huko, lakini kila msimu alipanda maharagwe ya mama mahali padogo nyuma ya jiko, penye kivuli, si kwa kula, ila yasife. Miaka yote hiyo. Halafu hali ya kule ikaharibika, watu wakakimbia, naye akaja kwangu kama wengine walivyokuja kwa ndugu zao. Alishuka kwenye lori na godoro, sufuria mbili, na kopo la maziwa lililofungwa ndani ya kikwembe, kitenge chake cha kujifunga. Nilidhani ni sukari.

Kiwanja changu kinateremka nyuma ya nyumba mpaka kwenye migomba, na kimepakana na shamba la mama jirani, mjane mwenye sauti ya kusikika kilima kizima. Mimi nilikuwa nikilima nilivyoweza: mahindi hapa, maharagwe pale, viazi vikuu katikati, mbegu zikirushwa kwa mkono. Asubuhi yake ya kwanza kwangu dada alisimama juu ya mteremko, mikono kiunoni.

“Mudogo wangu,” akasema, “hii ni shamba ao ni supu?”

Msimu uliofuata tukalima kwa mistari. Alikuwa na kamba ndefu na vigingi viwili. Mistari haikushuka na mteremko, ilikata kilima kwa upana, na kati ya mstari na mstari alichimba mfereji mwembamba, ulioinama kidogo kuelekea kwenye migomba. Nikamwuliza kwa nini anapoteza ardhi yote hiyo kwa njia. Akasema njia si ya watu tu, ni ya maji na ya upepo. Maharagwe yakibanana hayakauki, na yasipokauka yanaoza wakiwa hai. Alisema hivyo, “wakiwa hai,” kama anasema watu.

Wadudu weusi wadogo walipokuja kwenye majani machanga, aliwanyunyizia majivu ya jikoni asubuhi mapema. Mmea ulionyauka bila sababu aliung'oa, akapasua shina kwa ukucha, akanionyesha funza mdogo aliyekuwa ndani, kisha akautupa mbali na shamba. Hakuwahi kuulaza kwenye mfereji. “Mugonjwa hapana kulala mu barabara,” alisema.

Lakini jambo alilolishika kuliko yote lilikuwa hili: haingii kati ya maharagwe majani yakiwa na maji. Hata kama palizi imechelewa. Hata kama wote kilimani wameshashuka. Alikaa mlangoni, jembe magotini, akiangalia majani. Huku kwetu, mwezi wa kumi, majani yanaweza kukaa na maji mpaka saa sita. Mama jirani alipita na jembe lake begani, magoti tayari yamejaa udongo.

“Mama wa Mbau!” akaita. “Iyo jembe iko na mimba? Munangoya izae?”

“Iko na mimba ya maharagwe,” dada akajibu bila kuinuka. “Ikizaa utakuya kuomba, na miye nitakunyima.”

“Utaninyima je, na miye njo nitapokea mutoto?”

Walicheka wote wawili. Tangu siku hiyo kila asubuhi ya mvua mama jirani aliuliza kama uchungu umeanza. Dada alinieleza baadaye kwa nini anangoja. Kuna ugonjwa wa madoa, madoa ya rangi ya kutu, ambao unakaa ndani ya maji yaliyo juu ya jani. Mtu akipita, kikwembe chake kinafuta jani la mgonjwa na kupaka jani la mzima, mstari mzima, mpaka mwisho. “Utaona ugonjwa inafuata njia yako,” alisema. “Kama umepita mustari mbili, itakuwa mustari mbili. Hapana mvua. Ni weye.”

Msimu wa kwanza tulipata kidogo. Wa pili yaliongezeka kidogo, na mengi tuliyarudisha udongoni. Msimu wa mwaka jana ndio uliokuwa wake. Alipanda mwanzoni mwa mwezi wa nane, na mistari mitatu ya juu, iliyo karibu na nyumba, aliitenga kwa mbegu. Hakuna aliyeruhusiwa kuchuma majani yake kwa mboga, wala maganda mabichi. Mimea iliyo bora aliifunga uzi wa mgomba shinani. Na alimwahidi mama jirani kwamba safari hii atampa mbegu, kitunga kimoja, bila kuomba.

“Bila kuomba?” mama jirani akasema. “Basi kweli unataka kufa.”

Alisema hivyo kwa mzaha, na dada alicheka kuliko sisi. Nimeikumbuka sentensi hiyo mara nyingi. Mama jirani pia ameikumbuka. Aliniambia.

Mwezi wa kumi miguu ya dada ilianza kuvimba. Kwenye kituo cha afya walisema ni moyo, wakampa vidonge, wakasema asipande milima. Hapa kwetu, mtu asiyepanda mlima haendi popote. Alibaki kitandani karibu na dirisha, na kutoka pale aliona ncha za miti yake tu, si maharagwe yenyewe. Kila siku aliniuliza, “Inalia?”

Ganda la maharagwe likikauka vizuri, ukilitikisa linalia, mbegu zinagonga ndani. Niliteremka, nikachuma ganda moja, nikamletea. Alilitikisa karibu na sikio akiwa amefumba macho. Mwanzoni alisema bado. Halafu akasema nusu. Jumapili, niliporudi kanisani, nilimletea moja lenye michirizi, akalitikisa, nami nililisikia nikiwa nimesimama mlangoni.

“Kesho,” akasema. “Mvua ikipumuzika, kesho muchume. Usingoye Jumanne.”

“Ndiyo, yaya,” nikasema, kama tunavyomwita dada mkubwa.

“Chuma ya katikati ya muti. Ya chini inaguswa na udongo, ya juu haijakomaa. Na yenye doa, hata moja, iende mu nyungu, ikuliwe. Isiende mu udongo.”

“Nimesikia.”

“Unasikiaka,” akasema. “Kufanya njo shida.”

Alfajiri alikuwa amekufa. Mvua ilikuwa inanyesha.

Kwetu, mtu akifa kilimani, majembe yanalala. Hakuna anayelima mpaka kilio kimalizike, si ndugu tu, bali kilima kizima. Baba mdogo wetu, ndugu ya marehemu baba, alifika na wazee wa kanisa, akasimama chini ya bashi, turubai la mvua, iliyofungwa kwenye paa, akatangaza. Yeyote atakayeonekana na jembe ametukana nyumba hii. Watu wakaitikia. Majirani walileta kuni, unga, na viti. Nilishukuru. Dada alikuja kwetu mgeni, akiwa na godoro na kopo, na sasa kilima kizima kinalaza majembe kwa ajili yake. Niliona ni heshima kubwa, na ilikuwa heshima kubwa.

Kilio kilirefuka. Mtoto wa dada, mwanaume wa kujitegemea, anaishi Beni, mtaa wa Mulekera, anaendesha pikipiki ya kubeba watu. Hatukuweza kuzika bila yeye. Barabara ilikuwa imekatika kwa matope na malori yamelala njiani, akapiga simu kusema amekwama, akapiga tena kusema bado. Mvua ilianguka usiku na asubuhi. Tulikaa chini ya bashi tukiimba, maji yakijikusanya juu yetu, na mara kwa mara mwanaume mmoja alisukuma bashi kwa mti ili yamwagike.

Jumanne saa sita jua lilitoka.

Halikuwa jua la kuchezea. Lilitoka kali, na mvuke ukaanza kupanda kutoka kwenye paa na kwenye shamba. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko. Kutoka hapo mistari mitatu ya juu unaiona yote. Maganda yalikuwa ya rangi ya majani makavu, mengine yameanza kupinda. Nilijua. Kama mtu angeniuliza wakati ule, ningemwambia bila kukosea: maharagwe yaliyokauka yakinyeshewa siku nyingi, mbegu inaota ndani ya ganda. Na madoa yanaingia.

Mama jirani alikuja akifuta mikono kwenye kikwembe. Alikuwa amepika tangu asubuhi.

“Mama,” akasema kwa sauti ndogo, ambayo sikujua kama anayo, “jua njo hii. Chukua kitunga tuende. Majani itakuwa imekauka sasa hivi.”

“Majembe imelala,” nikasema.

“Nani anasema jembe? Kuchuma hapana kulima. Ni mikono. Mikono unapikiaka, unaosheaka maiti. Nani alikatazaka mikono?”

Alisema kweli. Kilicholazwa ni jembe. Bibi zetu wakati wa kilio walichuma mboga shambani ili waliaji wapate kula, hakuna aliyewasema. Hata siku hiyo sombe ya majani ya mihogo tuliyokula ilikuwa imechumwa asubuhi. Lakini chini ya bashi walikuwa wamekaa ndugu wa mume wa dada, waliofika kutoka mjini Beni kabla barabara haijakatika, watu tusiowazoea, wanaoangalia. Niliwaza watakavyosema: dada yake amelala ndani hajazikwa, yeye yuko shambani anavuna.

“Batu batasema je?” nikamwambia.

“Batu batasema na batalala. Hii itaoza.”

“Hapana.”

“Basi weye bakia. Miye nitaenda peke yangu. Banijue miye kama mama wa kukosa adabu, banazoea.”

Nikamshika mkono. “Usiende,” nikamwambia. “Tafazali. Watasema nimekutuma.”

Aliniangalia, kisha akaangalia shamba, kisha akarudi jikoni. Kitunga kilikuwa nyuma ya mlango. Kilikuwa pale tangu Jumapili, mimi mwenyewe nilikiweka.

Hilo ndilo ninalobeba. Kutokwenda, naweza kusema nilikuwa na msiba, kichwa hakikuwepo. Lakini kumzuia anayekwenda, kichwa kilikuwepo. Nilichagua macho ya watu nisiowajua kuliko neno la mwisho aliloniambia dada. Saa nane mawingu yalirudi.

Kijana alifika Jumatano jioni, matope mpaka kifuani. Tulizika Alhamisi. Mvua ilinyesha juu ya jeneza, na wazee walisema ni baraka, kama wanavyosema kila mara ikinyesha. Kilio kilimalizika Jumapili, baada ya ibada. Baba mdogo akashukuru kilima, akasema majembe yainuke.

Jumatatu niliteremka. Sikungoja majani yakauke. Hakukuwa na cha kulinda. Maganda yalikuwa yamekuwa meusi, laini kama vidole vilivyokaa majini. Mengi yalikuwa yamepasuka, na kutoka ndani mkia mweupe umetoka, unatafuta udongo mahali ambapo hakuna udongo. Harufu yake ilikuwa kama ya nguo zilizosahaulika ndani ya beseni. Nilichuma yote, mabovu na mazima, ya chini na ya juu. Nilichuma kama mtu anayefikiri bado kuna mtu anamwangalia kutoka dirishani.

Niliyatandaza kwenye mkeka karibu na moto, na kijana wa dada alinisaidia kuchambua kabla hajarudi Beni. Yaliyoota tulitupa. Yaliyooza tulitupa. Yaliyobaki, nikiyageuza karibu na taa, karibu yote yalikuwa na doa: kidonda kidogo cha kahawia kilichoingia ndani. Meusi yenye jicho jeupe sikuweza kujua, kwa sababu doa juu ya nyeusi halionekani.

“Mama mudogo, nipe kidogo,” kijana akasema. “Nitapanda kule nyuma ya nyumba. Kama yeye alivyofanyaka Mbau.”

Nikampa viganja viwili ndani ya mfuko. Sikumwambia habari ya madoa. Nilisema tu ayapande penye kivuli.

Mengine niliyatia kwenye kopo lile la maziwa, nikalifunga.

Sasa nafika mahali ambapo sina mvua ya kusingizia wala kilio. Mwezi wa tatu mwaka huu nilitoa kamba ya dada na vigingi vyake, nikapima mistari, nikachimba mifereji kama alivyonifundisha, nikapanda yale ya kwenye kopo. Mistari mitatu, ile ile ya juu. Nilijua yenye doa yanakwenda chunguni. Nilichagua yenye doa moja, nikajiambia moja si kitu. Na nilichomeka miti ile ile ya zamani, iliyobeba maganda yaliyooza, kwa sababu ilikuwa miti yake, yenye alama za panga lake. Kama angeniona angeninyang'anya miti hiyo na kunipiga nayo.

Yaliota. Siku nilipoyaona nililia kwa furaha, nikakosa hata kwenda sokoni. Mama jirani alikuja kuangalia ng'ambo ya mpaka, akashangaa, “Tiens, mama wa Mbau amerudia.” Nikamkumbusha kwamba ahadi ya kitunga bado ipo. Akasema hajaisahau, ameshakichagua kitunga chenyewe, kikubwa.

Jani la tatu lilipofunguka niligeuza moja. Mishipa ya chini ilikuwa na rangi ya kutu. Nikajiambia ni udongo, mvua imerusha udongo. Nikasugua kwa kidole gumba. Haukutoka. Nikageuza jani la mmea wa pili, na wa tatu, kisha nikaacha kugeuza.

Dada angeng'oa siku hiyo. Angengoja jua tu. Mimi nilingoja vingine. Nilisema labda jua la mwezi wa nne litaushinda. Nikanyunyiza majivu, nikijua kwamba majivu ni ya wadudu. Nikaenda kanisani nikaombea mistari mitatu ya maharagwe, na sikuona aibu wakati ule. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha. Upepo wa mvua za huku unatoka juu ya nyumba yangu na kushuka kuelekea kwa mama jirani.

Yeye ndiye aliyeniita. Alikuwa amesimama kwenye mstari wake wa kwanza, ule unaopakana nami, ameshika jani.

“Kuya uone.”

Nikaenda. Kutu, chini ya jani. Mimea ya mwanzo mitano au sita ilikuwa nayo, kisha inapungua kadiri unavyokwenda mbali na mpaka. Ukisimama pale huhitaji mtu wa kukueleza imetoka wapi.

“Uliniahidi mbegu ya yaya wako,” mama jirani akasema. “Naona umetanguliza ugonjwa. Mbegu itafuata na kitunga?”

Sikucheka, naye hakucheka.

“Ulijua?” akauliza.

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu jani la tatu.” Halafu, kwa sababu alikuwa bado ananiangalia, nikasema, “Hapana. Tangu kwenye mkeka. Tangu mwaka jana.”

Alilikunja lile jani mkononi. Nilitamani apige kelele, kelele zake nilikuwa nimezizoea. Alivua kofia yake ya majani, akaitikisa maji.

“Lakini, mama,” akasema mwishoni, “yaya wako alikuachia kazi ya kungoya majani ikauke. Hakukuachia kazi ya kungoya ugonjwa.”

“Nitang'oa kesho.”

“Utang'oa yote?”

“Yote.”

“Na yenye haina doa?”

Nikamwambia siwezi kujua ipi haina. Nikamwambia nitakuja pia kwake kung'oa mimea iliyoguswa, kazi ya mikono yangu, asijisumbue. Akasema shamba lake analijua, haling'olewi na mgeni.

Jioni hiyo nilimpigia simu kijana, Beni. Nilikuwa nimetafuta maneno tangu mchana. Nikamwambia yale maharagwe niliyompa yalikuwa na ugonjwa, nilijua nikampa, sasa aende nyuma ya nyumba ang'oe kila kitu na kukichoma, asiwapelekee majirani ugonjwa. Kulikuwa na kelele za pikipiki upande wake.

“Mama mudogo,” akasema, “nilishakula.”

“Umekula je?”

“Nilipikaka. Wiki ile ile nilifika. Nilikuya nimechoka, nyumba iko kimya, nikasema kesho nitapanda, halafu nikatia mu nyungu yote.” Akasita. “Unisamehe. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu sana.”

Nilimwambia amefanya vizuri. Nilimwambia ndivyo mama yake alivyoagiza, yenye doa iende chunguni. Hakuniamini, alidhani ninamfariji. Akaomba msamaha tena. Simu ikakatika kwa sababu salio langu lilikwisha, na mimi ndiye niliyebaki nimeomba msamaha kidogo kuliko yeye.

Asubuhi ilikuwa na ukungu. Niliteremka na gunia nikasimama juu ya mistari. Kila jani lilikuwa na maji. Mkono ulikuwa unataka kuanza, nimalize, nitoke pale. Mama jirani alikuwa ameshafika upande wake, na yeye ana gunia, amekaa juu ya jiwe kwenye mpaka na miguu ameinyoosha.

“Ingia kwanza uone,” akasema. “Utapaka mustari yangu yote, ile imebakia.”

“Siingii.”

“Basi kaa.”

Nikakaa. Aliniachia nusu ya jiwe. Ukungu ulikuwa unapanda polepole kutoka kwenye migomba. Hatukuzungumza juu ya dada wala juu ya Jumanne ile. Aliniuliza bei ya mawese, nikamwambia. Aliniuliza kama kijana ameoa, nikamwambia bado. Mwanamke mmoja alipita juu kwenye njia, jembe begani, akatuona tumekaa mikono mitupu na shamba lipo mbele yetu.

“Munangoya nini, bamama?”

“Izae,” mama jirani akamwambia.

Jua lilipofika tuliangalia majani mpaka yakaacha kung'aa. Aligusa moja kwa nyuma ya mkono wake, akanyanyuka. Nilianza na mstari wa juu kabisa, wa karibu na nyumba. Nilishika kila mmea shinani, nikauvuta taratibu ili nisitikise jirani yake, nikautia guniani. Yeye alifanya vivyo hivyo kwa ile mimea yake ya mpakani. Kabla ya saa sita mistari yote mitatu ilikuwa wazi. Nikang'oa na miti pia. Magunia tuliyachoma kwenye shimo chini ya migomba, na miti niliipeleka jikoni, nikaikata vipande, nikapikia chakula cha mchana.